Mtumbwi wa Unga

Mgeni aliyeiponza nyumba ile hakuja na sura ya shari. Alikuja anacheka, kitambi mbele, simu mkononi, akasimama kwenye mlango wa duka la mikate na kusema, "Mama, nimeambiwa hapa kuna kitu."

"Vitu vipo vingi, baba yangu," akajibu mwenye duka huku akifuta makombo kwenye meza. "Kuna mkate wa kukata, kuna biskuti za siagi, kuna vilemba. Wewe umeambiwa kipi?"

"Hivyo hivyo vilemba."

Kilemba kilikuwa skonzi ya mdalasini. Donge linavutwa refu kama kamba, linapakwa siagi, linasokotwa, kisha linazungushwa juu yake lenyewe mpaka linakaa kama kilemba kichwani. Mwenye duka alikuwa amevisokota miaka mingi hata mtaa ukasahau jina alilopewa na wazazi wake, ukamwita Mama Vilemba. Vilemba ndivyo vilivyolipa pango la duka na vyumba viwili vya nyuma. Ndivyo vilivyonunua dawa ya kifua ya mumewe, aliyevuta vumbi la unga tangu ujana mpaka mapafu yakamkatalia kazi. Nyumba ile haikuwa na mguu mwingine wa kusimamia.

Binti yao wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, alichungulia kutoka nyuma akashika kifua. "Mama! Unamjua huyu? Ni Bwana Onja!"

Mama Vilemba hakumjua. Ikabidi aelezwe, na mgeni mwenyewe amesimama pale pale, kwamba kazi ya bwana huyu ni kuzunguka mitaani akitafuta waokaji wazuri wasiojulikana, anaonja, kisha anawaambia watu kwenye simu waende wapi na wakifika wale nini. Watu wanaomfuata, alisema Chiriku, wanajaza uwanja wa mpira na wengine wakabaki nje.

"Sasa hiyo ni kazi?" akauliza Mama Vilemba, bila ubaya.

"Ndiyo hii mama," Bwana Onja akapiga kitambi chake. "Unaona mshahara."

Wakacheka wote. Hata Fundi alicheka, yule fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya njia, ambaye kila asubuhi alikaa kwenye benchi la Mama Vilemba na kilemba chake na chai, akimtania kila apitaye. Bwana Onja akauma. Akatafuna taratibu. Akafumba macho.

"Lipa kwanza ndipo ufumbe macho," akasema Fundi. "Kuna watu hapa walifumba, kufumbua wako stendi."

Bwana Onja hakumsikia. Alikipasua kile kilemba kwa vidole gumba, akaisogezea simu nyama ya ndani, yenye vitundu vikubwa kwa vidogo, inang'aa kama imelowa. "Jamani," akaiambia simu kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. "Utamu kwanza. Halafu mdalasini. Halafu, subirini, kuna uchachu unakuja kwa mbali kabisa, unakugonga hapa nyuma ya taya. Sijawahi. Nasema sijawahi." Kisha akamgeukia mwenyewe. "Mama, nionyeshe jikoni."

Hapo Mama Vilemba akasita. Jikoni mwa mtu ni kama chumbani mwake. Lakini Chiriku alikuwa amekwisha kumvuta mkono na kumnong'oneza, "Mama, tafadhali, usinitie aibu," naye akamwonea huruma mtoto. Miaka yote binti alimwomba watangaze duka, na miaka yote yeye alijibu kwamba kizuri chajiuza. Leo kizuri kimekuja kununuliwa, afunge mlango?

Wakaingia. Bwana Onja akapiga picha tanuri, magunia, mume wa nyumba aliyekaa kwenye kigoda akichambua zabibu na kupumua kwa taabu. Mwisho simu ikatua kwenye Mtumbwi.

Ndivyo walivyoliita beseni lao la kukandia unga. Lilichongwa kwa gogo moja, refu kama mtu aliyelala, na lilikuwa la mama mkwe kabla halijawa lao. Kwa ndani lilikuwa jeusi. Pembeni unga wa zamani ulikuwa umeshika tabaka juu ya tabaka, mgumu kama gome la mti.

"Huu mnauosha na nini?" akauliza Bwana Onja.

"Hauoshwi. Unakwanguliwa tu, tunafunika na kitambaa mpaka kesho."

"Kwa nini?"

Mama Vilemba akamtazama mumewe, mumewe akatazama zabibu zake.

"Ndivyo tulivyoukuta," akasema.

* * *

Kesho yake watu walikuja, na kesho kutwa wakaja zaidi. Walikuja kwa magari, walikuja wawili wawili wamevaa miwani ya jua, wakaulizana kwa sauti kama ndipo hapa. Vilemba viliisha kabla Fundi hajafungua kibanda chake. "Mama Vilemba umetutupa," akalalamika. "Siku hizi mpaka mtu avae miwani ndiyo anauziwa." Akachekwa, akawekewa chake pembeni kikiwa kimefunikwa sahani. Usiku Mama Vilemba alimwambia mumewe kwamba mambo yakienda hivi, wataacha kununua dawa kwa nusu chupa.

Chiriku ndiye aliyewasomea watu walivyosema huko kwenye simu. Alisoma akiwa amekaa juu ya gunia, miguu inaning'inia, anapiga vigelegele kila baada ya mstari. Mate yananitoka. Mama huyu apewe nchi. Nimeachana na mchumba lakini kilemba hiki siachani nacho. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. Kisha kidole cha binti kikapita haraka haraka.

"Mbona umeruka?"

"Hakuna kitu mama. Wajinga tu."

"Soma."

"Mama..."

"Nimesema soma. Nimekuzaa mimi."

Chiriku akasoma, sauti imepungua. Ule mti wa kukandia mmeuona? Kumbe ladha yenyewe ni ukoko wa mwaka juzi. Mdalasini unaficha mengi. Mwingine aliandika kwamba hata nguruwe wao hawali kwenye chombo kama kile, na chini yake watu wengi walikuwa wamecheka.

Mama Vilemba aliinuka akaenda kufagia jikoni ambako alikuwa ametoka kufagia. Mwanamke huyu alikuwa wa kuchemsha vitambaa, wa kukata kucha kila Ijumaa, wa kumwambia mteja "usiguse, nitakupa mimi." Watu asiowajua, ambao hawangemtambua hata wakipishana naye njiani, walikuwa wameingia jikoni mwake wakatema mate. Ukimwambia aogaye kila siku kwamba ananuka, na yeye atajinusa. Alipita mbele ya Mtumbwi, akaona weusi ambao hakuwahi kuuona. Akaona gome. Akajiuliza imekuwaje miaka yote hii.

Siku ya pili yake Bwana Onja akatuma ujumbe. Jumamosi anarudi, na safari hii haji peke yake, anawaalika wanaomfuata waje kula pamoja naye hapo hapo dukani. Mama ajiandae.

"Watakuja na simu zao," akasema Mama Vilemba.

"Si ndiyo vizuri?"

"Watataka kuingia jikoni."

Hapo ndipo Chiriku, kwa mapenzi tu, aliposema, "Basi tuuoshe, mama. Mara moja tu. Bibi mwenyewe hayupo wa kutugombeza."

Mama mkwe, siku alipomkabidhi Mtumbwi, alimwambia neno moja tu, usiuoshe. Hakuongeza. Mama Vilemba alijipa sababu mwenyewe, kwamba mti ukilowa na kukauka hupasuka. Na hiyo sababu aliyojipa ndiyo iliyomponza, maana sababu ya kubuni ina dawa yake.

"Tukiuanika kivulini hautapasuka," akasema.

"Hautapasuka."

"Baba yako yuko wapi?"

"Si kaenda zahanati kupuliziwa kifua."

"Basi chemsha maji."

Walimwaga maji ya moto, wakamwaga sabuni, wakasugua kwa brashi ya sakafu. Gome lilibanduka vipande vipande kama ngozi ya kidonda kilichopona, likaenda na maji mtaroni. Lililogoma walilikwangua na bati. Mwisho Chiriku akaleta dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, wakapaka, wakasubiri, wakasuuza, wakapaka tena. Walivyokuwa wakisugua waliimba, wakarushiana mapovu, na chini ya weusi ikatoka rangi ya mti, ya manjano, laini, yenye mistari mizuri.

"Kumbe ulikuwa mweupe!" akashangaa Chiriku.

"Kama bibi yako. Na yeye alijisifu hivyo hivyo."

Walicheka siku ile. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani balaa huingia nyumbani kwa ugomvi.

Mume aliporudi alisimama mlangoni na kuvuta hewa kwa ile pua yake iliyochoka. "Nani amelazwa humu?" akauliza. "Mbona kunanuka wodi?" Kisha akauona Mtumbwi umeegemezwa ukutani, mpya kama umechongwa jana. Akaja taratibu, akauwekea kiganja.

"Mmeuosha."

"Umependeza, eti, Baba Chiriku?"

"Umependeza," akasema. Hakuondoa kiganja. "Mama aliniambia usioshwe."

"Na mimi aliniambia. Wewe alikwambia kwa nini?"

"Mama hakuwa mtu wa kwa nini."

* * *

Alfajiri Mama Vilemba alikanda kama alivyokanda siku zote. Unga, maji ya uvuguvugu, chumvi, sukari, na hamira ncha ya kijiko, kidogo mno hata mwenye duka la jumla humcheka kwamba anainunua kwa ajili ya sisimizi. Akafunika na kitambaa. Aliporudi kufunua, donge lilikuwa pale alipoliacha, limekaa chini, zito, halina hata tundu moja.

Akamwita mumewe. Yule bwana akalipiga kwa mgongo wa vidole akasikiliza, kama anavyosikilizwa yeye kifua zahanati.

"Limelala hili."

"Baridi tu ya leo."

"Baridi?" Yule bwana alikuwa na jasho juu ya mdomo.

Wakasubiri. Halikuamka. Mama Vilemba akaongeza hamira, akaongeza tena, mpaka ikafika kiasi ambacho watu wengine wote hutia. Sasa likaumuka, tena upesi, likafura kama shavu la mwenye jino bovu. Akasokota, wakachoma. Vilitoka tanurini vizuri, vyekundu, vimeinuka kupita hata vya siku zote. Chiriku akapiga makofi.

Wakavunja kimoja wakagawana. Wakatafuna wote watatu, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Unaonaje?" Mama akamwuliza binti.

"Ni... ni kitamu, mama."

"Utamu ni sukari. Mimi nakuuliza kilemba."

Chiriku akainamisha kichwa. Baba yake ndiye aliyesema, polepole, kama mtu anayekumbuka ndoto. "Kumbe ilikuwa mle."

"Nini?"

"Chachu. Hamira ile ya ncha ya kijiko haikuwa ikifanya kazi yoyote, mke wangu. Kazi ilikuwa inafanywa na mti. Unga wa jana uko kwenye gome, unauamsha wa leo. Wa leo unabaki, unauamsha wa kesho. Tangu kwa mama, na kabla ya mama." Akakohoa mpaka akashika ukuta. "Na sisi tulikuwa tunakandia humo humo, tusijue."

Mama Vilemba alikaa juu ya gunia. Chiriku alikuwa ameshatoka mbio. Walimkuta nje ya uzio amepiga magoti kwenye mtaro, kijiko mkononi, anachokoa matope ya kijivu na kuyanusa. Wapita njia walikuwa wamesimama. Mmoja aliuliza kama binti amepoteza hereni.

"Kuna kidogo hapa, mama! Kimekwama kwenye jiwe, tazama!"

"Acha, mwanangu."

"Nikikisafisha..."

"Kimeoga dawa ile ile. Acha. Inuka, watu wanatuangalia."

Siku zilizobaki kabla ya Jumamosi walijaribu walichoweza. Waliacha unga na maji wazi uchachuke wenyewe. Ulichachuka, lakini ukatoa harufu ya soksi. Waliloweka zabibu, wakalaza donge ndani ya Mtumbwi. Likatoka linanuka ile dawa ya nguo, kwa kuwa mti ulikuwa umeinywa hadi moyoni. Mwisho Mama Vilemba akampigia simu wifi yake aliye mji mwingine, ambaye naye alijifunza kuoka kwa mama yule yule. Aliweka sauti ya nje ili mumewe asikie dada yake.

"Wifi, wewe ule unga wa mama unao? Hata kidogo, hata uliokauka?"

"Unga upi tena?"

"Wa vilemba. Ile chachu ya mama."

"Ai, wifi, mimi natia hamira ya dukani tangu niolewe!" Kicheko kikajaa jikoni. "Wanangu ndiyo hunisumbua, vya kwako mama si kama vya kwa mjomba. Nawaambia kwa mjomba kuna mkono. Kwani kuna nini? Mbona kimya? Wifi?"

* * *

Walitaka kumzuia Bwana Onja asije. Chiriku alimwandikia kwamba mama hajisikii vizuri, waahirishe. Akarudishiwa vikatuni vinavyocheka na maneno, mama ana haya huyo, tunakuja. Na unga wa Jumamosi ulikuwa umeshanunuliwa, na siagi, kwa fedha iliyowekwa ya dawa.

Walikuja wengi kuliko hofu ya Mama Vilemba. Foleni ilipita kibanda cha Fundi, ikakunja kona. Mama Vilemba alivaa gauni la sikukuu na kitambaa kipya kichwani. Kila mtu alitaka kuupiga picha Mtumbwi kwanza. "Mbona msafi?" wakaulizana. "Siyo ule." "Umeoshwa bwana, tuliwasema." Mmoja alionekana kujivuna.

Bwana Onja akauma mbele ya wote. Akatafuna. Macho yake yalibaki wazi.

Akasogea mpaka kwenye sikio la Mama Vilemba. "Mama, leo ameoka nani?"

"Mimi."

"Kuna kitu kimepungua."

"Tuliosha beseni."

"Mkaosha? Kwa nini sasa?"

"Watu wako walisema ni chafu. Walisema nguruwe hali humo."

Bwana Onja akashusha pumzi, na haki yake apewe, alisikitika kwelikweli. "Mama yangu, wale husema tu. Wanasema wamelala kitandani. Hawasikilizwi wale."

"Ungeniambia, baba."

Foleni yote ilikuwa inamtazama, simu zimeinuliwa. Akageuka na tabasamu likamrudia usoni kama taa iliyowashwa. "Jamani, moto ni ule ule! Sogeeni!" Mama Vilemba alimwona baadaye, kupitia dirishani, akikizungushia karatasi kilemba kilichobaki na kukitia mfukoni, kwa adabu, asionekane amekitupa.

Wengine hawakuwa na adabu hiyo. "Ndiyo hii?" alisema binti mmoja kwa mwenzake, hatua moja tu kutoka mezani. "Mbona hata pale chini kwetu ipo."

"Tumechomwa na jua bure, shoga."

"Nipige picha hivyo hivyo. Nikiuma."

Jioni Chiriku aliishika simu muda mrefu, lakini hakumsomea mama yake, na mama hakumwambia soma.

* * *

Miwani ya jua ilikwisha ndani ya wiki. Bwana Onja alikuwa amepata mwokaji mwingine, kizee fulani wa biskuti za nazi, na uwanja wake wote wa mpira ukahamia huko. Hilo Mama Vilemba alilitegemea. Asilolitegemea ni wale wa siku zote. Hawakugomba. Mwalimu mstaafu alianza kupitia njia ya juu. Mama wa watoto pacha alisema daktari amemkataza sukari, kisha akaonekana na mfuko wa karatasi wa duka lingine, akauficha nyuma ya mgongo na kuuliza habari za mzee.

Fundi ndiye pekee aliyebaki kwenye benchi lake. Alikula kilemba kizima kila asubuhi kama mtu anayemeza kidonge. Siku moja, kwa kuzoea utani, akasema, "Ndiyo hivyo Mama Vilemba, mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Bilauri ikabaki hewani mkononi mwa Mama Vilemba. "Unasema nimetia maji mimi?"

"Utani tu dada yangu."

"Miaka yote umekaa hapo. Umeona nimepunja mtu? Umeona nimetia maji?" Sauti ilikuwa imepanda, na njia nzima inasikia. "Mimi niliosha, Fundi! Niliosha! Mtu anaadhibiwa kwa kuosha?"

Fundi aliweka chai chini. "Nisamehe," akasema. Kesho yake alikuja, kesho kutwa hakuja. Alisema kazi zimekuwa nyingi, na cherehani yake ilisikika kweli ikienda, ng'ambo ya njia, bila kupumzika.

Ndani, chupa ya dawa ikarudi kuwa nusu, kisha ikawa ya kuomba kwa jirani mwenye kifua kama hicho. Chiriku alikonda. Hakuongea tena mpaka aulizwe, na jina lake likawa kama la kumsuta. Mama yake alijaribu kumwambia, zaidi ya mara moja, kwamba brashi walishika wote wawili. "Mimi ndiye niliyesema tuuoshe," binti alijibu kila mara. Mama Vilemba aliyetuliza watoto wa mtaa mzima hakupata neno la kumtuliza wake.

Ndipo akaja kijana wa kiwanda cha mikate, shati jeupe, kalamu mfukoni. Akaweka mezani mfuko wa nailoni unaong'aa. Ndani yake mlikuwa na skonzi ya mdalasini, imesokotwa, imezungushwa juu yake yenyewe. Juu ya nailoni kulichorwa mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani, chini yake pameandikwa Kilemba cha Mama.

"Tuliiona kwa Bwana Onja," akasema kijana, bila aibu wala ubaya. "Bosi akasema watu wanaipenda hiyo, tengenezeni. Sasa tunatafuta pa kuuzia. Hapa pana jina tayari, mama. Wewe huoki, huchomi kuni, unauza tu, faida yako unatoa."

"Na tanuri langu?"

"Lipumzike."

Mume wake alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mkono mmoja kwenye fremu, anahema. Mama Vilemba alimwangalia apate msaada. Yule bwana alikitazama kifua chake mwenyewe, kisha sakafu. Mwenye nyumba alikuwa amepita jana kuuliza pango, kwa sauti ya upole, ile inayotangulia ile nyingine.

"Acha masanduku mawili," akasema Mama Vilemba.

* * *

Walikuwa wamekwisha kuzoea lori la kiwanda pale alipofika mwanamke mmoja kijana na mumewe, wametoka mbali, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa na mimba kubwa. Alisimama katikati ya duka akizunguka kama aliyefika kwa ndugu.

"Ndipo hapa! Si nilikwambia ndipo hapa?" akamwambia mumewe. "Mama, tumekuona kwa Bwana Onja, ile video ya kwanza. Nimeitamani mpaka mtoto hapa tumboni anacheza. Tumepotea njia, tumeuliza, tumefika. Nipe vinne. Nipe sita."

"Karibu mwanangu," akasema Mama Vilemba. "Lakini vile vya kwenye video..."

"Vimeisha?" Uso ulimsinyaa kabisa.

Chiriku, aliyekuwa anapanga mifuko, aliacha kupanga.

"Havijaisha," akasema Mama Vilemba. "Ila hivi ni vya..."

"Alhamdulillahi! Subiri, subiri kwanza, usiseme kitu, nirekodi." Akampa mumewe simu, akachana nailoni kwa meno bila kuitazama, akauma. Akatafuna. Akafumba macho. Mkono ukaenda tumboni. "Jamani," akasema. "Hawakutudanganya. Jamani, jamani. Mama, siri yake ni nini?"

"Sijui, mwanangu," akasema Mama Vilemba.

"Hataki kusema!" akacheka yule mwanamke, mdomo umejaa. "Njoo hapa karibu yangu. Shika kimoja. Sogea, baba mtoto asikukate kichwa. Sasa cheka kidogo, mama."

Mumewe akainua simu. Mama Vilemba akaweka sawa kitambaa chake, akashika skonzi ya kiwanda kwa mikono miwili, akacheka.